Usaha Nao Upimwe

Katika maadui watatu waliotangaziwa vita tangu siku ya Uhuru, maradhi ndiye adui mwenye majina mengi kuliko wenzake. Malaria ina jina lake na kipindupindu kina jina lake, na hata mwananchi asiyejua kusoma anafahamu chandarua ni cha nini na maji huchemshwa kwa sababu gani. Lakini kiko kijidudu kimoja kinachoingia katika wodi za upasuaji, katika mabweni ya shule na katika majiko ya migahawa, ambacho ni nadra kutajwa katika mkutano wa hadhara. Hakina bango lake barabarani. Hakina wimbo. Wataalamu hukiita stafilokoka ya dhahabu, kwa kuwa kinapooteshwa kisahanini hufanya madoa yenye rangi ya manjano iliyokolea mithili ya dhahabu.

Kijidudu hiki si mgeni anayevuka mpaka usiku. Takriban watu 3 katika kila 10 wamekibeba ndani ya pua zao bila kuugua, na miongoni mwao yumo karani anayegonga mihuri, mwalimu aliyeshika chaki na muuguzi anayefunga kidonda. Kikipata mchubuko huingia, na mara nyingi matokeo yake ni jipu ambalo hutumbuka na kusahauliwa. Kikiingia katika damu, mambo hubadilika: hushambulia moyo, mapafu na mifupa, hasa mifupa ya watoto, na katika nchi za joto kina desturi ya kufanya usaha ndani kabisa ya misuli, mahali ambapo jicho halioni na mgonjwa hudhaniwa kwamba ametegua mguu. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee vifo zaidi ya milioni 1 duniani vilihusishwa na kijidudu hiki, na kwamba katika nchi 135 ndicho kilichoongoza bakteria wote kwa kuua. Hesabu ya namna hiyo ingekuwa ya vita, redio zisingekuwa na habari nyingine.

Aliyekitambua kwanza alikuwa daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti, Alexander Ogston, mwaka 1880. Wakati huo madaktari wengi walichukulia usaha kuwa sehemu ya kawaida ya kidonda kupona, na wako waliousifu. Ogston hakuridhika. Alichukua usaha wa majipu ya wagonjwa wake, akautazama kwa hadubini, akaona vidoto vya mviringo vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu. Ndipo mwaka 1882 akavipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana hiyo. Hakuwa na maabara ya maana. Vijidudu vyake alivikuza ndani ya mayai ya kuku. Wakubwa wa taaluma walimdharau, na baadaye Mjerumani Rosenbach, mwaka 1884, akatofautisha aina ya dhahabu na aina nyeupe, na ubishi ukaanza kwisha.

Hapa inafaa walimu wenye shule za bweni wasimame kidogo. Kijidudu hiki kinapozaliana katika chakula hutoa sumu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Mpishi mwenye kidonda kidoleni akigusa wali au nyama ya mchana, sufuria ikaachwa mezani hadi jioni, kisha ikabandikwa tena motoni, vijidudu vitakufa lakini sumu itabaki, na saa chache baada ya mlo wanafunzi watatapika bweni zima. Kanuni ya jikoni ya kupasha moto upya haitoshi. Kinachotosha ni mpishi mwenye jipu kupumzishwa na chakula kutoachwa kulala vuguvugu, na hayo hayahitaji fedha za kigeni.

Sasa liko jambo la ajabu katika habari za kijidudu hiki, nalo ndilo linalokifanya kistahili kujadiliwa na watu wa elimu: adui huyu huyu ndiye aliyekuwa chombo cha kazi katika ugunduzi wa dawa. Mwezi wa Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming alikuta kisahani cha stafilokoka kimeingiwa na ukungu, na pembezoni mwa ukungu vijidudu vimeyeyuka. Habari hiyo inajulikana na kila mwanafunzi wa sekondari. Isiyojulikana ni ile ya Oxford, miaka zaidi ya 10 baadaye, ambako Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley waliichukua penisilini iliyokuwa imesahauliwa na kuifanya dawa. Heatley alikuwa na tatizo la kawaida la muuza nafaka: alikuwa na kitu, hakuwa na kipimo. Alichokifanya ni kumwaga stafilokoka katika kisahani, akasimamisha vijibomba vidogo juu yake, akatia maji ya penisilini ndani ya vijibomba, na kesho yake akapima kwa rula upana wa duara ambalo ndani yake vijidudu vilishindwa kuota. Duara likiwa pana, dawa ni kali. Likiwa jembamba, dawa ni hafifu. Kipimo cha kwanza cha nguvu ya penisilini duniani kilitokana na mbinu hiyo. Kijidudu cha usaha kikawa kibaba.

Na vyombo vyao vilikuwa vipi? Uingereza ilikuwa vitani, viwanda vilikuwa na kazi nyingine, na watafiti wa chuo kikuu chenye jina kubwa kama hilo waliotesha ukungu katika vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa, wakatumia beseni la kuogea na makopo ya maziwa. Mwezi wa Mei 1940 walichukua panya 8, wakawaambukiza wote, wakawapa dawa 4. Kesho yake wanne waliopewa dawa walikuwa hai na wanne wengine wamekufa. Mwezi wa Februari 1941 wakampa dawa askari polisi mmoja ambaye uso wake ulikuwa umeliwa na usaha, na ambaye alikuwa amekwisha kupoteza jicho. Alianza kupona. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa ili penisilini itolewe na kutumika tena. Kisha ikaisha, maradhi yakarudi, na mwezi wa Machi akafa. Mtu huyo hakufa kwa kukosa elimu wala kwa kukosa daktari. Alikufa kwa sababu dozi haikutimia. Ni vema kulikumbuka hilo, maana leo dozi inakatizwa na watu ambao dawa wanayo mikononi.

Mbinu ya Heatley haikufa naye. Katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na kwingineko, mwanafunzi wa kemia au wa famasia anayetafiti majani na magome ya miti ya dawa huanza na stafilokoka. Mara nyingi huwa ni aina moja maalumu, ile inayojulikana kwa namba 25923, ambayo asili yake ni hazina ya vijidudu iliyoko Marekani, ili matokeo ya Morogoro yaweze kulinganishwa na ya Mumbai. Utafiti wa dawa za miti si jambo la kubezwa. Muhimbili kina cha kazi hiyo kinarudi nyuma hadi mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili, na maarifa ya wazee yaliyokwisha kuandikwa yangepotea kaburini.

Lakini lazima lisemwe neno ambalo wasomi hawalipendi. Kuua kijidudu kisahanini si kuponya mtu. Hata jiki huua kijidudu kisahanini. Penisilini ilizuia stafilokoka isiyo sugu kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya milioni moja ya gramu katika mililita. Maji ya magome mengi huhitaji miligramu nzima, yaani zaidi ya mara elfu kumi, na kwa kiasi hicho ini la mgonjwa nalo lina maoni yake. Kazi ya kweli huanza baada ya duara kuonekana: kutenganisha kemikali moja na nyingine, kujua ipi inafanya kazi, kuijaribu kwa panya, kuijua sumu yake. Hapo ndipo tasnifu nyingi hukoma. Mwanafunzi hupata shahada, msimamizi hupata makala, na gome hurudi kabatini. Kosa si la kijana. Ni la mpango wa fedha unaolipa mwanzo wa kazi na kuuacha mwisho wake bila mfadhili.

Wakati wasomi wakipima duara zao, kijidudu nacho kilikuwa shuleni. Kikipata chakula na joto la kutosha, huweza kugawanyika mara moja katika kila nusu saa; mwalimu wa hesabu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba kimoja hupita milioni 1 kwa muda wa saa 10 tu. Katika umati huo hakikosekani kimoja chenye kasoro ya bahati inayokiwezesha kuvumilia dawa. Dawa ikitumika hovyo, dhaifu hufa na huyo mmoja hurithi shamba zima. Wako wananchi, na miongoni mwao wamo watumishi wenye vyeo, wanaosema kwamba "mwili umezoea dawa". La hasha. Mwili hauzoei chochote. Kilichozoea ni kijidudu, na ndiyo sababu mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja anaweza kuambukizwa kijidudu sugu kutoka kwa jirani aliyevimeza vingi.

Haya hayakuanzia Afrika. Katika hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alipima stafilokoka za wagonjwa na kukuta kwamba zilizoshinda penisilini zilikuwa asilimia 14 mwaka 1946, asilimia 38 mwaka 1947 na asilimia 59 mwaka 1948. Miaka miwili tu! Zilikuwa zimepata kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafanya kazi. Mwaka 1959 ikatoka methisilini, iliyotengenezwa mahsusi ili isikatwe na kimeng'enya hicho, na watu wakashangilia. Mwaka 1961, Uingereza humo humo, Patricia Jevons akatangaza kupatikana kwa stafilokoka zilizoishinda nayo. Safari hii hazikuivunja dawa. Zilibadili mahali pale ambapo dawa hushika, kama mwenye nyumba aliyebadili kitasa. Ikabaki vankomisini, dawa ya sindano, ambayo nayo mwaka 2002 ilishindwa kabisa na kijidudu cha mgonjwa mmoja katika jimbo la Michigan. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, aliwaonya wasikilizaji wake kwamba siku itakuja mtu yeyote ataweza kununua penisilini dukani, na asiyejua atakunywa kidogo kuliko inavyopasa na kuvifundisha vijidudu ukaidi.

Siku hiyo imekwisha kufika. Dawa ya rangi mbili hununuliwa kama njugu. Mzazi humtuma mtoto dukani na shilingi mia chache, mwenye duka humkatia vidonge 4 kwa mkasi, kikohozi ambacho kingepona chenyewe kinapona, na sifa inakwenda kwa kidonge. Sheria inataka cheti cha daktari. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili yachukue nafasi ya yale ya dawa baridi, yalikusudiwa yawe na wauzaji waliofunzwa. Na wengi wao wanajua vizuri kwamba nusu dozi ni kosa. Lakini muuzaji anayekataa kukata vidonge anajua pia kwamba mteja atavuka barabara hadi duka la pili. Hapo elimu ya muuzaji peke yake haitafua dafu. Na mfugaji wa kuku wa mjini anayetia dawa hiyo hiyo katika maji ya vifaranga ili wakue upesi hana tofauti naye.

Ni rahisi, na kwa sehemu ni haki, kuwalaumu mabepari. Udongo uliotoa vankomisini ulitoka Borneo. Udongo uliotoa erithromaisini ulitoka mkoa wa Iloilo, Ufilipino, na Mfilipino aliyeupeleka mwaka 1949 kwa kampuni moja kubwa ya Marekani, Abelardo Aguilar, alidai sehemu ya faida hadi alipokufa mwaka 1993 bila kupewa. Sasa faida imepungua, maana kiuavijasumu humezwa siku 7 na mgonjwa akapona, ilhali dawa ya shinikizo la damu humezwa maisha yote. Na soko, kama kawaida yake, limefuata inakokwenda fedha. Novartis ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha utafiti wa dawa za aina hii. Kampuni ndogo ya Achaogen ilipata kibali cha dawa mpya mwaka huo huo wa 2018, na mwaka 2019 ikafilisika, dawa yake ikiwa sokoni. Anayeamini kwamba soko litawatengenezea wakulima wa Rukwa dawa ya kijidudu sugu na aitazame habari hiyo vizuri.

Hata hivyo, mabepari hawakumzuia mtu yeyote kununua kabati la kuotesha vijidudu. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba katika maabara za tiba zipatazo 50,000, zilizoweza kupima bakteria zilikuwa asilimia 1.3 tu. Maana yake ni kwamba daktari wa sehemu kubwa ya bara hili anapomwona mgonjwa mwenye kidonda kinachotoa usaha, hana njia ya kujua ni kijidudu gani kimo ndani wala ni dawa gani itakiua. Anakisia. Akikosea siku ya kwanza anabadilisha dawa siku ya tano, na kila kukisia kunakozidi nguvu kunakifundisha kijidudu somo jipya.

Linganisha na malaria. Zamani kila homa iliitwa malaria, na dawa ikatolewa kwa kila mwenye joto. Serikali ilipoamua kwamba damu ipimwe kwanza, wako waliosema haiwezekani, zahanati hazina hadubini wala mafundi. Leo kipimo cha haraka cha malaria kiko hata katika zahanati ya kijijini, na mama hukubali kurudi nyumbani bila dawa ya malaria kwa sababu ameonyeshwa mstari mmoja badala ya miwili. Kwa nini damu ipimwe na usaha usipimwe? Ni kweli kwamba usaha hauna kipimo cha dakika 15. Kuuotesha na kujaribu dawa huchukua siku mbili au tatu, na mgonjwa aliyezidiwa hawezi kungoja, daktari lazima amwanzishie dawa hapo hapo. Lakini majibu ya siku ya tatu humwezesha kuiacha dawa kali na kurudi kwenye nyepesi, au kuiacha isiyofaa kabla mgonjwa hajaachana na dunia.

Mwaka 2017 Tanzania ilitoa mpango wake wa kwanza wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kwa karatasi mpango ni mzuri. Ulimwengu nao, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2024, uliahidi kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na usugu huo ifikapo mwaka 2030. Ahadi za New York hutekelezwa, au husahauliwa, katika vikao vya bajeti vya halmashauri. Katika vikao hivyo jengo lenye jiwe la msingi hupata wasemaji wengi, kwa kuwa jengo hupigwa picha. Kisahani cha kuoteshea usaha hakipigwi picha. Mtumishi anayeandaa makadirio anajua hilo, na diwani analijua, na ndiyo sababu chupa za dawa za maabara huwa za kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Wako watakaosema kwamba wananchi hawatafahamu mambo ya vijidudu na dozi. Wanaosema hivyo wamesahau mwaka 1973. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2, wengi wao watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili kisomo chao, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Vikundi vile havikuongozwa na maprofesa. Wengi wa viongozi wake walikuwa walimu na watumishi wa kawaida waliopewa mafunzo ya siku chache na kijitabu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wa watu wale wamepungukiwa akili. Walichopungukiwa ni mtu wa kuwaitisha.

Kazi ya mwalimu katika hili haihitaji waraka mpya kutoka wizarani: somo la biolojia lipo, pua za wanafunzi zipo, na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni ni mali ya shule yoyote. Kazi ya mtumishi wa halmashauri ni ngumu zaidi, kwa sababu ni ya tarakimu. Aorodheshe kabati moja la kuoteshea lenye joto la nyuzi 35, visahani, umeme usiokatika usiku, na fundi sanifu mmoja atakayelipwa kwa wakati ili asihamie kliniki ya mtu binafsi. Kisha aipeleke orodha hiyo kikaoni na kuitetea kabla fungu halijaenda kwenye rangi ya ukuta. Kwa wakati huu, katika hospitali isiyo na kabati hilo, yuko mgonjwa aliyepasuliwa wiki mbili zilizopita, ameanzishiwa dawa ya tatu asubuhi, na hakuna mtu wodini anayejua kama kijidudu kilichomo katika kidonda chake kinaisikia.